Kabla ya kulipa ada ya chuo cha upishi, ingia jikoni kwao

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu jiko: la nyumbani, la mgahawani na la hotelini. Anayejibu ni mpishi wa siku nyingi wa hoteli za Dar es Salaam na Zanzibar, ambaye sasa anawafunza wapishi wapya kazini.

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Tanga. Tangu nimalize kidato cha nne nafanya kazi kwenye mgahawa wa mjomba wangu, Ngamiani. Napika wali, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga, biriani ya Ijumaa, na chapati zote nasukuma mimi. Matokeo yangu ni C ya Kiswahili, na D za Uraia, Jiografia, Baiolojia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nataka kusomea upishi niingie hoteli kubwa. Nimetazama chuo cha serikali cha utalii kule Dar, nimetazama VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, na kuna chuo kimoja binafsi ambacho tangazo lake linasema cheti chao ni cha kimataifa. Ada yake inakaribia mara tatu ya ile ya VETA. Mjomba anasema upishi hausomewi, ni kutupa hela. Niende wapi?
H., Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na mjomba, maana usipomalizana naye hata nauli ya basi hutaipata.

Mjomba hajakosea kote. Mkono wa kupika haupatikani darasani, na wewe tayari unao. Anayesukuma chapati za mgahawa kila alfajiri ana kasi, na joto la jiko halimtishi. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hayo mawili hawana. Lakini kuna mambo hutafundishwa Ngamiani kwa sababu biashara ya mjomba haiyahitaji. Chukua samaki. Mjomba anamnunua changu pale soko la samaki la Deep Sea, anampasua, chumvi na ndimu, anamkaanga mzima, anauza. Hotelini mteja anataka mnofu usio na mwiba hata mmoja. Samaki wa kilo moja ukimtoa magamba, kichwa, matumbo na mfupa wa mgongo, unabaki na nusu kilo, mara nyingi hata hiyo haifiki. Tuseme kilo ilikuwa shilingi 12,000: kilo ya mnofu imekugharimu 24,000 au zaidi, na bei ya sahani inaanzia hapo, haianzii sokoni. Kichwa na mifupa navyo havitupwi. Vinachemshwa taratibu na kitunguu kwa dakika 20 hadi 30, basi, ukivipitisha hapo supu inaanza kuwa chungu. Hiyo supu ndiyo inayotoa sosi ya samaki yule yule. Mpishi anayeijua hesabu hii ndiye anayepandishwa cheo, kwa sababu mwisho wa mwezi meneja haulizi kama chakula kilikuwa kitamu. Anauliza mbona jiko limekula hela.

Hesabu hiyo, usafi wa chakula na vipimo vya joto, ndivyo unavyokwenda kununua chuoni. Mwambie mjomba hivyo. Na ukirudi likizo mpigie hesabu ya sahani moja ya samaki wake, uone kama ataendelea kusema upishi hausomewi.

Makaratasi nayapitia haraka. Vyuo vya Bara vinavyotoa astashahada na stashahada vinatakiwa viwe vimesajiliwa na NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi tulilolizoea kwa jina la NACTE. Ngazi zake utasikia zikiitwa NTA 4, 5 na 6, na ya 6 ndiyo stashahada. Kuingia NTA 4 kunadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Usinune: ile D ya Dini ina hesabu yake kwingine, hapa haimo. Zilizobaki ni nne kamili, kwa hiyo mlango uko wazi, ila chuo kinaweza kuwa na sharti lake la ziada, hasa la Kiingereza, kwa hiyo uliza mapema. VETA wana ngazi zao, ya I hadi ya III, na kwa fani nyingi hupokea hata waliomaliza darasa la saba.

Hicho cheti cha kimataifa kinanitia shaka. Vyeti vya nje vya kweli vipo. City & Guilds ya London ipo tangu 1878 na inatoa vyeti vya upishi, na chuo kinachofundisha kwa niaba yao kimeandikishwa kwao kama kituo, kina namba. Omba namba, kisha waandikie wenyewe London barua pepe. Kuuliza ni bure. Lakini mara nyingi hilo neno "kimataifa" kwenye bango halina mwenyewe, mwenye chuo kalipachika kwa sababu linavuta wazazi. Waulize: cheti kinatolewa na nani, na anayesimamia mtihani wa mwisho anatoka wapi? Wakianza kukuonyesha picha za mahafali, aga uondoke.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta siku ya katikati ya wiki, ufike chuoni saa nne asubuhi, uombe kuona jiko. Nasema saa nne kwa sababu jiko la mafunzo linalofanya kazi kweli, saa hiyo limechafuka: chakula cha mchana kinatakiwa kitoke, watu wanakata, sufuria zinachemka, mwalimu anafoka. Wakikwambia jiko linaonyeshwa Jumamosi tu, umeshajibiwa.

Niliwahi kualikwa kwenye chuo kimoja, jina nalihifadhi, kusimamia mtihani wa vitendo. Jiko zuri! Majiko ya chuma cha pua yamepangwa mstari, mengine bado yana nailoni ya kiwandani kwenye vishikio. Nikamkabidhi msichana mmoja kuku mzima, amkate vipande vinane, amwoke, atengeneze na sosi. Akakata vizuri tu. Halafu akaja kwangu taratibu, akaniomba nimwashie oveni. Alikuwa mwaka wa pili na oveni hajawahi kuiwasha. Miezi yote hiyo mwalimu alikuwa akipika mbele yao, wao arobaini wamesimama nyuma yake wanarekodi kwa simu. Sikumnyima alama huyo binti, lakini mwenye chuo nilimwambia maneno ambayo mhariri hapa hawezi kuyachapa.

Kwa hiyo ukiingia usitazame vigae wala makofia marefu. Tazama vibao vya kukatia. Jiko la shule huwa na vibao vya rangi: chekundu cha nyama mbichi, cha bluu cha samaki, cha kijani cha mboga na matunda, na kuendelea. Kuwa navyo si hoja, vinauzwa dukani. Hoja ni makovu. Kibao chenye mikwaruzo ya visu kinatumika. Vibao sita vinavyong'aa juu ya rafu ni vya wageni kama wewe. Gonga mtungi wa gesi, mtupu utaujua kwa mlio. Kisha mtafute mwanafunzi umwulize kuku anaiva akifika joto gani. Anayefundishwa atakwambia nyuzi 75, kipimajoto kimechomekwa kwenye paja pale penye nyama nene bila kugusa mfupa, na huenda akakionyesha hicho kipimajoto mfukoni mwake. Asiyefundishwa atakwambia "ukimchoma damu isitoke", jibu ambalo hata mjomba angekupa bila ada.

Maswali mengine kawaulize wanafunzi nje ya geti, kwa mama muuza mihogo, mwalimu asiwepo. Kuku mmoja mnagawana wangapi? Wakisema kumi, basi mmoja anakata na tisa ni watazamaji. Vitu vya vitendo nani ananunua? Vyuo vingine vinawachangisha wanafunzi kila wiki, na si dhambi, vitu ni ghali, lakini lazima ujue mapema ni kiasi gani, kwa sababu huo mchango hauandikwi kwenye tangazo la ada. Wala sare hazimo, wala seti ya visu, viatu vigumu vya jikoni, vipimo vya afya, na chumba cha kupanga. Omba fomu ya maelekezo ya kujiunga kabla hujatoa senti, jumlisha kila kitu, halafu ndiyo ulinganishe chuo na chuo. Mara nyingi ile tofauti ya "mara tatu" inapungua, na wakati mwingine inazidi.

Na chakula kinachopikwa darasani kinakwenda wapi? Hapa mimi nina upendeleo na siufichi. Napenda chuo chenye wageni wanaolipa. VETA Mikumi ina hoteli ya mafunzo, wasafiri wa barabara ya Iringa wanalala pale. Njiro, Arusha, VETA wana chuo chao cha hoteli na utalii. Mwalimu ukimpelekea omleti iliyoungua atakupa 40 kwa 100 na maisha yataendelea. Mgeni aliyelipa anairudisha, mhudumu anakuja nayo mkononi anakutazama, na nyuma yake kuna oda nyingine tatu. Kwenye presha hiyo ndipo mtu anapokuwa mpishi.

Mwisho ni fildi, yaani ile miezi ya kujifunza kazi hotelini, na kwangu hii ina uzito kuliko darasa. Uliza chuo kinawapeleka hoteli gani, au mnapewa barua mkajitafutie wenyewe. Uliza mnakwenda miezi gani, maana hili watu hawalifikirii kabisa. Hoteli nyingi za pwani ya Zanzibar hupunguza kazi au hufunga kabisa masika, Aprili na Mei, na kambi nyingi za mbugani hivyo hivyo. Mwanafunzi anayepelekwa fildi Aprili anakuta wapishi wako likizo, jiko moja linawaka, yeye anasugua freza. Anayekwenda Julai au Desemba anakuta nyumba imejaa, watu hawatoshi, na kwa kukosa mtu watamwita aje asimame kwenye grili. Huyo ndiye anayepigiwa simu akimaliza chuo. Mimi mwenyewe wapishi niliowaombea ajira karibu wote niliwaona kwanza wakiwa fildi, cheti nilikuja kukiona baadaye.

Haya, umeuliza uende wapi. Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi za Bustani na Temeke hapo Dar na nyingine Arusha, ni chuo cha heshima, na ukipata nafasi sitakuzuia. Lakini kwa matokeo hayo, mfuko huo, na mkono ulio nao, ningekuwa mama yako ningekupeleka VETA yenye hoteli. Utaingia jikoni mapema na hela itakayobaki ununue kisu kizuri kimoja. Ukishaajiriwa hata kwa cheo cha chini kabisa, ukaona kama maisha ya hoteli unayaweza, stashahada utaisomea ukiwa unajua unatafuta nini. Chuo binafsi usikitupe moja kwa moja: kiendee saa nne asubuhi kama nilivyosema, kikifaulu tuandikie. Kiingereza anza leo, jina la kila kitu kilichoko jikoni kwa mjomba, kwa sababu oda za hotelini zinasomwa kwa Kiingereza na hakuna atakayekutafsiria. Halafu soma na jibu la mwisho la safu hii, linakuhusu.

SWALI

Dada, salaam aleikum. Binti yangu amemaliza shule mwaka jana, apenda sana mapishi na keki. Mimi nataka aende Utalii College, Nairobi. Babake asema achague chuo hapa hapa Mombasa, tena asema jiko la hoteli si pahala pa mtoto wa kike. Wewe ulikaa humo, watuambiaje?
Mama S., Mombasa

JIBU

Wa aleikum salaam, dada. La chuo ni jepesi. Kenya Utalii College ilianzishwa 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi, iko barabara ya Thika, ina hoteli yake pembeni ambamo wanafunzi hufanya kazi, na kila meneja wa hoteli kuanzia Lamu hadi Kisumu anaijua. Kama alama zake zinakubalika na malazi ya Nairobi mnayaweza, mpelekeni. Ikishindikana, Mombasa si jangwa. Technical University of Mombasa wanafundisha mambo ya hoteli, na vyuo vidogo viko tele. Hivyo vidogo hakikisha vimeandikishwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi ya Kenya, na uliza mtihani wa mwisho ni wa nani: wa vyombo vya serikali kama KNEC, CDACC na NITA, au ni wa mwenye chuo na mkewe? Huo wa mwisho usiulipie.

La babake ni zito zaidi, na sitamkejeli, kwa sababu anachokiogopa kipo, ila hakiko anapodhani. Sufuria la lita 50 likijaa supu hata mwanamume halibebi peke yake, tunabeba wawili. Moto unazoeleka. Tatizo ni saa tano ya usiku. Zamu ya jioni inaisha saa hizo, na kama hoteli iko Diani na nyumbani ni Kisauni, binti anarudije, avuke Likoni na nani? Hoteli zilizo makini zina gari la wafanyakazi au vyumba vya kulala. Kwa hiyo siku mnakwenda kuona chuo, babake aje, na aulize yeye kwa mdomo wake: wakati wa atachimenti mnampeleka hoteli zenye usafiri wa usiku? Mwalimu anakwenda kumwona huko, au anapigiwa simu tu? Mkubwa wa jiko akimshika asipotaka kushikwa, anampigia nani? Tazameni uso wa anayejibu. Chuo kilichokwisha kufikiria hili kitakutajia jina la mwalimu na namba yake hapo hapo. Kingine kitacheka, na mkisikia kicheko hicho rudini nyumbani.

Kuna jambo moja la kumwambia binti mwenyewe, si babake. Akifika hotelini watamwona msichana anayependa keki, watamweka kwenye keki na saladi, na watamsahau huko hadi barua yake ya atachimenti iishe muda. Keki ni fani nzuri na inalipa, simkatazi. Lakini aombe kwa adabu, na aombe tena, apangiwe zamu kwenye nyama, kwenye sosi na kwenye kifungua kinywa. Kifungua kinywa hasa: mayai ya watu mia mbili kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, kila mmoja anataka yake vingine. Akitoka salama hapo hakuna jiko litakalomtisha. Na zamu hiyo inaisha mchana, babake atalala.

SWALI

Bi mkubwa, niko Muscat, napikia familia moja kubwa, na nyumbani Unguja nilipikia harusi kabla sijaja huku. Naona kozi nyingi za upishi mtandaoni zenye cheti. Nikirudi nataka kazi ya hoteli. Zinafaa?
A., Muscat

JIBU

Zinafaa nusu. Usafi wa chakula, joto la kuhifadhia, hesabu ya gharama na kupanga menyu, haya unaweza kuyasoma kwa simu usiku ukimaliza kazi, na uyasome kweli, kwa sababu kwenye harusi hakuna aliyekuwa akikuuliza biriani imekaa saa ngapi nje ya moto. Kuchuna mnofu, kukoroga sosi isikatike, kutoa sahani ishirini kwa mpigo, hayo hakuna simu itakayokufundisha, na hakuna shefu atakayekuajiri kwa cheti cha video.

Ila wewe si mwanafunzi mpya, na wala H. wa Tanga hapo juu si mpya. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunza kazi nje ya chuo, na wapishi wamo. Hukai darasani miaka: wanakupima unachokijua, wanakuambia penye pengo, unapewa mafunzo ya kuliziba, ukifaulu unapata cheti. Kwa mtu aliyepika miaka na hana karatasi, hii ni nafuu kuliko kuanza kumenya viazi na watoto wa kidato cha nne. Wewe kwenu ni Unguja na VETA ni ya Bara, kwa hiyo mtume ndugu akaulize kwanza Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ya Zanzibar wana utaratibu gani kwa wapishi. Na kama utataka kusoma hasa, SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana taasisi yao ya utalii pale Maruhubi.

Mwombe mama wa nyumba hiyo akuandikie barua moja yenye sahihi na tarehe: ulianza lini, unapikia watu wangapi, unapika nini. Usingoje siku ya kuondoka, siku hiyo kila mtu ana haraka. Piga na picha za kazi yako, zisiwe za sahani tu, ziwe za wewe unapika. Na kabla ya kukata tiketi ya likizo, piga simu uulize upimaji unafanyika lini, usije ukatua uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, wiki moja baada ya wenzako kumaliza.